Kitunguu Kinamzidi Profesa

Asanteni, kaeni. Nimeitwa kuzungumzia mageuko ya jenomu, yaani vinasaba vyote vya kiumbe, za mimea na wadudu, na waliokwisha kunisikia wanajua naanza na kitunguu. Jenomu ya kitunguu ina herufi, yaani vijenzi vidogo vya vinasaba, zipatazo bilioni 16. Yangu mimi, bilioni 3 na ushei. Nzige wa jangwani, wale waliovamia kaskazini mwa Kenya mwaka 2020, wana zaidi ya bilioni 8. Kwa hiyo mtu asinijie tena na hoja kwamba mwenye vinasaba vingi ndiye kiumbe bora. Nimechoka nayo.

Jenomu hizi kubwa zimejaa nini? Nakala, kwa sehemu kubwa. Kuna vipande vinavyojinakili na kuhamahama. Kwenye mahindi vinafika kiasi cha asilimia 85 ya jenomu. Aliyevigundua ni Barbara McClintock wa Marekani, miaka ya 1940, kabla umbo la vinasaba halijajulikana. Alitazama punje! Shika hindi la rangi, tafuta punje nyeupe yenye madoa ya zambarau. Kipande kihamaji kimeingia ndani ya jeni ya rangi, yaani sehemu ya vinasaba yenye maagizo ya kutengeneza rangi, kikaizima. Punje ikiendelea kukua, kipande kinachomoka kwenye seli mojamoja, na kila seli inayozaliwa na hiyo inarudisha rangi. Kikichomoka mapema, doa kubwa. Kikichelewa, kidoa tu. Alipoyaeleza mwaka 1951, wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel akapewa 1983, ana miaka 81. Ninyi mnaotaka utafiti ulete faida ndani ya miaka mitatu, hesabu hiyo mfanye wenyewe.

Naona mtu pale nyuma anatikisa kichwa: si mzigo tu basi? Mwingi ni mzigo, sibishi. Lakini kwa inzi wa matunda, kipande kimoja kilitua kando ya jeni iitwayo Cyp6g1, jeni ikaanza kutoa kwa wingi kimeng'enya, protini inayovunja sumu, na dawa ya wadudu ya DDT ikashindwa kumuua. Kipande hakikukusudia lolote. Mkulima alipopuliza dawa, wasio nacho wakafa, wenye nacho wakazaana.

Inzi mweupe, huyu anayeeneza ugonjwa wa batobato ya mihogo, ndiye kiboko: mwaka 2021 watafiti wa China walionyesha kwamba ana jeni iliyotoka kwa mmea, na anaitumia kuzima sumu za mimea. Hilo lilitaka mhadhara wake, ila mwenyekiti ameshaninyooshea saa. Haya, maswali, na yawe mafupi.