Shingo ya ganda ikipiga kelele kwenye presi, fanya hivi

Haya jamani karibuni, leo tunakaa na shingo tu, ile sehemu nyembamba ya mdomo wa ganda la risasi inayoshika kichwa. Ganda nililoshika hapa limeshafyatuliwa, ni la .308 Winchester, risasi ya bunduki, hii ipo tangu 1952 na huku Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani wengi wanaijua vizuri. Kama sheria ya kwenu hairuhusu basi wewe angalia tu, usijaribu.

Kwanza sikiliza. Naweka ganda kavu kwenye presi, hii mashine ya mkono, nashusha mkono, linaingia kwenye dai, yaani kalibu ya kurudisha ganda kwenye kipimo chake, sasa napandisha... umesikia hiyo kriii? Ndani ya dai kuna goroli ya kutanulia, inapita shingoni kwa nguvu na shaba inaifuata, yaani shingo inavutwa inarefuka, mara nyingi inapinda, hata bega, ule mteremko chini ya shingo, linaweza kusogea. Hapo hata uwe na mzani wa baruti wa bei gani, kichwa cha risasi hakitakaa sawasawa katikati.

Sasa chukua brashi ya nailoni inayoenea shingoni, zungusha mara mbili tatu utoe masizi yaliyolegea basi, usisugue mpaka ing'ae, masizi kidogo yaliyobaki yanasaidia kuteleza. Ndio maana wale wanaoosha maganda kwa maji na vijipini vidogo vya chuma wanalalamika vichwa vinaingia kwa kushtuka shtuka, shingo imekuwa safi kupita kiasi.

Halafu brashi hiyohiyo ichovye kwenye unga wa grafaiti au maika, haya ni madini ya kuteleza, igonge gonge kwanza, ndio uingize. Leta kamera karibu hapa, unaona ule ukungu wa kijivu ndani? Hicho ndicho kiasi chake, ukiona unga umeganda kwenye kona umezidisha, gonga ganda umwagike.

Grisi ya majimaji ndani ya shingo mimi siitaki kabisa, baruti inanata na mafuta yanaweza kushuka mpaka kwenye praima, kile kifuniko kidogo kitakoni kinachowasha baruti. Ukiitumia lazima uoshe na ukaushe kabla ya kujaza. Kwa nje sawa, mwili wa ganda unahitaji nta ya lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, paka kwa vidole kidogo tu na bega liache, mafuta yakikwama pale kwenye dai yanabonyeza shaba unapata vishimo. Ukimaliza kupitisha futa yote, tafadhali hii usiiruke, ganda linatakiwa lishike kuta za chemba, pale ndani ya bunduki linapokaa, wakati wa kufyatua, likiwa na mafuta linarudi nyuma kwa kishindo na kuikandamiza bolti, kile chuma kinachofunga nyuma yake.

Haya tujaribu tena, nashusha, napandisha... kimya, na mkono mwepesi.

Kabla ya kusimika kichwa nawekea tena unga kidogo kwa sababu ule wa kwanza goroli imeondoka nao. Kichwa hiki kina kipenyo cha milimita 7.82, watu wengi wanaacha tundu la shingo liwe dogo kuliko kichwa kwa kama milimita 0.05 hivi ili likishike, na kwa nafasi ndogo hivyo msuguano ukibadilika mkono unajua papo hapo. Kila ganda liwekee kiasi kilekile, hilo moja likikataa likataka nguvu zaidi usilazimishe, litenge pembeni ulipime baadaye. Na mikono ioshe kwa sabuni kabla hujagusa chakula, masizi haya yana madini ya risasi (ledi), ni sumu.