Kirangozi Hapitwi: Mazungumzo Kuhusu Safari za Baiskeli za Mwisho wa Wiki, Tabora

Mwangaluka! … Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Mwenyekiti amenipa nusu saa nizungumzie safari zetu za Jumamosi na Jumapili. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo mkiniona naanza kuchora hewani kwa kidole, mnivumilie.

Nianze na jambo ambalo wenzangu wa klabu hawapendi nilitaje. Hatujaleta kitu kipya Tabora. Simama alfajiri kwenye barabara yoyote inayoingia mjini uwaangalie wabeba mkaa. Magunia yamefungwa kwa mpira juu ya keria, moja limelala kati ya fremu, na mtu anasukuma pedeli kwenye mchanga huku ametulia kama anakwenda msikitini. Wakituona sisi na kofia zetu na kaptula za kubana, wanacheka. Wana haki. Kwa miguu na mapafu hatuwafikii. Tunachojifunza sisi ni kitu kimoja tu: watu ishirini wenye nguvu tofauti watoke pamoja na warudi pamoja. Basi. Ni kigumu kuliko kinavyosikika.

Na hicho nacho si kipya hapa. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, zaidi ya kilomita 700, na kila msafara ulikuwa na kirangozi, yule wa mbele mwenye bendera. Richard Burton, mpelelezi Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba mpagazi akimpita kirangozi alitozwa faini, na mshale mmoja ulichomolewa kwenye podo lake uwe ushahidi wakifika kambini. Napenda sana sheria hiyo. Klabuni kwetu hatuna mishale, lakini anayempita kirangozi ananunua chai. Jina tumelichukua hivyo hivyo: wa mbele ni kirangozi, wa mwisho kabisa ni mkia. Mkia hampiti mtu yeyote, hata kama wa mbele yake anasukuma baiskeli kwa mkono.

Sasa niwape aibu yangu. Mara ya kwanza nilipopewa kuongoza tulikuwa tunakwenda Kwihara. Ni karibu, nje kidogo tu ya mji, na wengi mnaifahamu ile tembe ambayo Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri watu ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Nilikuwa na baiskeli mpya yenye gia, miguu inawasha. Nikavuta. Nasikia upepo masikioni, najiona bingwa. Nilipogeuka, nyuma hakuna mtu. Si mmoja, si wawili. Hakuna.

Nikarudi. Niliwakuta chini ya mwembe, wamemzunguka mzee mmoja wa klabu ambaye cheni yake ilikuwa imekatika. Aliyekuwa anaishughulikia ni kijana wa mkaa, mpita njia. Ameegemeza mzigo wake kwenye mti, ameweka pingili ya cheni juu ya jiwe, anagonga pini kwa msumari na jiwe la pili, taratibu, tik, tik, tik, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Alitoa pingili iliyoharibika, akaunganisha zilizobaki, akazungusha pedeli kinyumenyume kuona kama inapita vizuri kwenye meno. Kisha akanitazama mimi na gia zangu, akauliza, “Mwalimu, ninyi mnasafiri au mnakimbizana?”

Nililipa chai ya watu wote siku hiyo.

Kwa nini tunakaa karibu karibu barabarani? Hapa ndipo nachora hewani. Hewa ina uzito, ila ukitembea huioni. Kwenye baiskeli, ukiongeza mwendo mara mbili, kani ya hewa inayokurudisha nyuma inaongezeka mara nne, na kazi ambayo miguu yako inafanya kila sekunde kuishinda hewa hiyo inapanda mara nane. Mara nane, si mbili! Aliye mbele anaipasua hewa, aliye nyuma yake anapita kwenye uvuli wake. Waendesha baiskeli wa mashindano wanaojibanza nyuma ya wenzao wanapunguza kazi kwa theluthi moja hivi, wakati mwingine zaidi. Sisi tunaokwenda kilomita 18 kwa saa hatupati faida yote hiyo. Lakini nendeni upande wa Urambo mwezi Agosti. Asubuhi upepo wa mashariki unawasukuma mgongoni, kila mtu anajiona kijana. Mkigeuza kurudi, upepo ule ule unawasubiri usoni. Hapo ndipo utamwona mtu mzima anang'ang'ania kukaa nyuma ya mgongo wa mwenzake kama mtoto nyuma ya khanga ya mama yake. Ndiyo maana kirangozi anabadilishwa kila baada ya dakika chache: anasogea pembeni, anapunguza mwendo, msafara unampita, anaingia nyuma, mbele ya mkia. Na tairi lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako. Akiyumba kidogo kukwepa shimo, wewe ndiye utakayeanguka, yeye hatajua hata kilichotokea.

Kwa kuwa wa nyuma haoni mbele, tunapaza sauti. “Shimo kushoto!” “Mchanga!” “Ng'ombe!” Neno linatoka mbele, kila mmoja analipokea na kulirusha nyuma, kama waitikiaji wa ngoma. Mkia naye anapiga “Lori!”, na neno hilo linapokewa kutoka nyuma kuja mbele. Likisikika hilo kwenye lami, hatubishani, tunakuwa mstari mmoja upande wa kushoto.

Pancha. Hapa nitakaa kidogo, maana adui yetu kiangazi ni mbigili. Wengi wanajua kuziba. Unatoa mpira wa ndani, unaujaza upepo, unauzungusha kwenye beseni la maji mpaka uone mapovu. Unasugua kwa msasa, unapaka solusheni. Halafu wanakosea mara mbili. Kosa la kwanza ni haraka: solusheni ikiwa bado mbichi wanabandika kiraka, nacho kinang'oka kabla hamjafika mbali. Iache mpaka ukigusa kwa kidole isishike. Kosa la pili ndilo linaloniudhi. Wanarudisha mpira bila kupapasa tairi kwa ndani. Mwiba bado umo! Pitisha vidole polepole kuzunguka tairi lote, utausikia unakuchoma, mdogo kama ncha ya sindano. Ng'oa. Mwenzetu mmoja aliwahi kuziba mara tatu asubuhi moja kwa mwiba ule ule, na mara zote tatu tulikuwa tumesimama juani tukimsubiri.

Chakula ni rahisi. Sukari ambayo mwili umeiweka kwenye misuli na ini haitoshi safari ndefu. Baada ya saa moja na nusu au mbili za kazi nzito inakaribia kuisha, na mtu anaishiwa ghafla, anaona giza. Kwa hiyo kula kabla ya kusikia njaa. Watu wananiuliza kuhusu vile vipakiti vya dukani. Jamani, tuko Tabora. Weka mfukoni matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, karanga, na kichupa cha asali ya miombo. Michembe pia, viazi vilivyokaushwa vikiwa vibichi, inafaa ukiwa na meno mazuri.

Vijana mnataka kusikia mashindano, najua. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika. Kigali si mbali na hapa. Mwenye kipaji tutamwona, tutamsaidia kadiri tunavyoweza, lakini Jumamosi atakaa nyuma ya kirangozi kama sisi.

Akina mama, mmenyamaza. Nimewaona mkija mmeketi kwenye keria, miguu upande mmoja. Tuna baiskeli mbili za mlingoti wa chini, yaani bomba la juu la fremu limeshushwa, na Jumapili jioni, watu wakipungua uwanjani, nafundisha mwenyewe. Mwanafunzi wangu wa mwisho ana miaka 56.

Kesho tunatoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua lisitukute njiani. Njoo na breki mbili zinazofanya kazi, maji, na mpira mmoja wa akiba. Baiskeli ya aina yoyote.

Ndiyo, mzee wangu, pale nyuma nimekuona umenyoosha mkono. … Anauliza kama baiskeli yake ya Phoenix, haina gia na imekaa stoo tangu mjukuu wake azaliwe, inaweza kufika Kwihara. Inaweza, baba. Iko hapo nje? Basi ingiza ndani tuione hiyo cheni. Vijana, msaidieni mlangoni.