Mtoto alindwe, kamera isizimwe

Ndugu zangu wa Arua, Kasese, Kampala na kote nyumbani Uganda, salamu kutoka Sacramento. Wazee wangu, shikamooni.

Wengi mmeniandikia kuhusu vibanda vya video. Filamu za kuchinjana mchana kweupe, watoto wamebanana benchi la mbele, VJ, yule anayeitafsiri filamu kwa sauti, anashangilia kila risasi. Mnataka serikali ipige marufuku. Nawaelewa kabisa. Mtoto wa miaka sita hana la kujifunza pale.

Huku California walitunga sheria ya kuzuia walio chini ya miaka 18 wasiuziwe wala kukodishwa michezo ya video yenye ukatili. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha, majaji 7 kwa 2, ikisema michezo hiyo inalindwa na katiba kama vilivyo vitabu. Mimi mzazi hukumu ile hainiingii akilini. Kumnyima mtoto mchezo dukani hakumzibi mtu mzima mdomo.

Ila kwetu naogopa jingine. Sheria yetu ya Mawasiliano ya 2013 inakataza vipindi vinavyokuza utamaduni wa vurugu. Ni maneno mazuri, lakini anayeamua vurugu ni ipi ni nani? Septemba 2009, wakati wa ghasia za Buganda, CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilifungwa kwa madai ya uchochezi. Ikarudi hewani Oktoba 2010! Zaidi ya mwaka watu wameachwa bila redio yao.

Halafu Novemba 2020. Watu wasiopungua 54 waliuawa katika maandamano baada ya mgombea urais Bobi Wine kukamatwa. Video zilizopigwa kwa simu siku zile zinatisha kuliko filamu yoyote ya kibandani, na bado nasema zisiguswe, maana mama aliyepoteza mwanawe barabarani ushahidi wake ndio huo. Ukimpa afisa sheria pana ya "ukatili", ataanza na video hizo. Kibanda atakiacha.

Januari 2023 Mahakama yetu ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kile cha mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mpaka. Basi tudai sheria yenye mpaka: umri wa mtoto, saa za kibanda, faini kwa mwenye kibanda. Habari zikae nje kabisa.

Na kazi hiyo haihitaji waziri. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anakijua kila kibanda kijijini kwake. Wako amewahi kuingia humo saa za shule? Niambieni hapo chini, mtaje na wilaya yenu.