Baridi Ina Nguo Zake, Giza Je? Msimu wa Theluji Chuoni Minnesota

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu mnaonitazama kutoka Wete na Chake kule Pemba, na kutoka Unguja, shikamooni. Na nyinyi wenzangu mliomaliza kidato cha sita mkawa mnasubiri majibu ya vyuo vya nje, video hii nimeirekodi kwa ajili yenu hasa. Tangu nilipoanza kuonesha maisha ya chuo kikuu hapa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, suali ninaloulizwa kuliko yote ni la baridi. Nitalijibu, ila kwa haraka, kwa sababu kwa maoni yangu baridi ndiyo sehemu nyepesi ya msimu huu. Kinachomwelemea mwanafunzi aliyetoka visiwani kwetu ni kupungua kwa mwanga wa jua, na hilo hakuna anayekuusia unapoagwa bandarini Mkoani.

Tuanze basi na baridi. Kwetu kipupwe kikishusha joto hadi nyuzi 22, bibi huomba shuka la pili. Hapa usiku wa kawaida wa Januari hushuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na zipo siku ambazo hali huwa mbaya kuliko hivyo: mwishoni mwa Januari 2019 kipimo kilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, masomo yakasitishwa, na hata barua hazikusambazwa majumbani. Siku za namna hiyo ni chache. Kwa siku zilizobaki kuna nguo, na nguo zenyewe zina utaratibu wake. Ya ndani iwe ya sufu au ya kitambaa kisichonyonya jasho, kwa sababu pamba ikilowa hubaki na unyevu na kukupoza mwili. Ya kati ikuhifadhie joto. Ya juu izuie upepo. Kina mama, nawaombeni msihangaike kumtafutia mtoto koti la baridi soko la Darajani. Koti linalouzwa pale ni zuri kwa safari ya usiku ya boti, lakini halitoshi kwa nchi hii, na huku maduka ya mitumba yana makoti mazito kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Fedha hizo mpeni taslimu.

Wanaovaa baibui kama mimi wajue jambo moja zaidi. Barabara na njia za miguu humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na maji yale ya chumvi hupanda kwenye pindo la nguo na kuacha mstari mweupe unaohitaji kufuliwa karibu kila siku. Joto likishuka kupita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi hiyo nayo hushindwa kazi yake, ndipo wanapomwaga mchanga ili watu wasiteleze. Kwa hiyo kata baibui lako liishie juu ya buti, ndani vaa suruali nzito, na stara itabaki pale pale. Ngozi ya uso na vidole ndiyo ya kuchungwa. Upepo ukivuma siku ya baridi kali sana, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na vitabu vingi husema kwamba hugeuka nyeupe, ilhali kwenye ngozi kama zetu huenda ikaonekana ya kijivu tu na kukupita bila kuitambua. Ukihisi kidole kimekufa ganzi, ingia ndani ukipashe kwa maji ya uvuguvugu. Usikisugue, wala usikipeleke kwenye moto.

Wala msidhani kwamba tunashinda nje. Majengo mengi ya chuo yameunganishwa kwa mahandaki ya chini ya ardhi na vivuko vya juu vilivyozungushiwa vioo, mtandao unaoitwa Gopher Way, na unaweza kutoka darasa moja hadi jingine bila kufunga zipu ya koti. Hata daraja la Washington Avenue, linalovuka Mto Mississippi na kuunganisha pande mbili za chuo, lina ujia uliofunikwa katikati kwa ajili ya waendao kwa miguu, na chini yake hupita treni ya umeme. Ndani ya majengo joto ni la kutosha, tena wakati mwingine linapita kiasi, na hewa huwa kavu hata midomo ikapasuka na ukigusa kitasa cha mlango ukapigwa na cheche ya umeme. Mafuta ya mgando yasitoke mkobani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera. Kwetu tuko karibu na ikweta, kiasi cha nyuzi tano au sita za latitudo kusini yake, na tofauti baina ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. Tunalichukulia jua kama saa ya ukutani: likizama tunajua ni Magharibi, ni wakati wa kufunga duka na kurudi nyumbani. Minneapolis ipo nyuzi 45 kaskazini. Katika Disemba jua huchomoza karibu na saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu, yaani wakati ambao Wete watu ndio kwanza wanatawanyika barazani mwa msikiti baada ya Laasiri. Tena giza halikuingii polepole. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja, na jioni iliyokuwa na mwanga Jumamosi inakuwa usiku Jumapili. Mwanafunzi aliyekuja mwishoni mwa Agosti, akakuta joto, miti ya kijani na watu waliojilaza kwenye majani wakisoma, huona kama amehamishiwa nchi nyingine bila kuulizwa.

Kwa Muislamu athari ya kwanza huonekana kwenye sala. Kwa kipimo cha kivuli tulichofundishwa madrasani, Laasiri ya mwishoni mwa Disemba huingia kiasi cha saa nane na robo mchana, na muda wake unakwisha saa kumi na nusu. Kipindi cha maabara cha muda wa saa tatu kinachoanza saa saba na nusu kinaweza kuumeza wakati wote huo. Ushauri wangu ni kuzungumza na mwalimu wiki ya kwanza ya muhula, umweleze kwamba utahitaji dakika chache za kutoka. Mara nyingi wanakubali, na wanapenda kuambiwa mapema kuliko kukuona umetoweka. Pahala pa kusalia panapatikana. Kinachotaabisha ni udhu, kutia mguu kwenye beseni la kunawia uso huku wanafunzi wengine wakikutazama. Hapo ndipo lile somo la kupangusa khofu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, ambalo pale madrasani tulilihifadhi tu kwa sababu ya mtihani, lilipopata kazi: ukivaa khofu za ngozi zinazofunika vifundo ukiwa na udhu kamili, na wewe si msafiri, unapangusa juu yake mchana na usiku mmoja. Upande wa pili kuna nafuu. Alfajiri huingia baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikosa, na saumu ya siku hizo ni fupi. Mwaka 2030, kwa hesabu ya mwezi, Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na watakaokuwa hapa watafunga kwa muda wa kiasi cha saa kumi na nusu tu. Sisemi mje kwa ajili hiyo.

Athari ya pili ni ya masomo, na wazazi wengi hawaijui. Mitihani ya mwisho ya muhula wa kwanza hufanyika katikati ya Disemba, yaani wiki zile zile ambazo siku ni fupi kuliko zote. Isitoshe, mfumo wa hapa hausubiri mwisho. Kila wiki kuna zoezi la kukabidhi, kuna jaribio fupi, na katika madarasa mengi kuna alama za kuchangia mjadala, na alama hizo hujumlishwa tangu Septemba. Mtu aliyezoea kukesha wiki mbili kabla ya mtihani na kufaulu, kama tulivyofanya wengi wetu skuli, hugundua Novemba kwamba sehemu kubwa ya alama imeshagawiwa. Sasa changanya hilo na mwili unaodhani ni usiku kuanzia saa kumi na moja jioni. Usingizi unakuja wakati wa kusoma na kukukimbia wakati wa kulala, unaacha kula vizuri, unaanza kukosa madarasa ya asubuhi, na simu ya nyumbani unaijibu kwa neno moja.

Hali hii madaktari wanaitambua. Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake waliandika juu ya huzuni inayomrudia mtu kila msimu wa baridi na kuondoka jua linaporudi, na mojawapo ya tiba zinazotumika ni kukaa asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 10,000 kwa nusu saa hivi. Halafu kuna vitamini D. Katika miezi hii jua la huku liko chini mno kuiwezesha ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo nenda kliniki ya chuo ukapimwe damu, daktari akupangie kiasi, kuliko kumeza vidonge kwa kubahatisha. Nasema haya waziwazi kwa sababu kwetu kijana akinyamaza na kujifungia hukimbiliwa kuambiwa ana jicho la watu, au amekuwa mvivu, au amesahau kwao. Dua asomewe, hakuna anayekataa. Na daktari aonwe vilevile.

Mimi nimejipangia hivi. Masomo mazito nayasoma asubuhi, maktaba ya Walter, kwenye meza ya karibu na dirisha. Adhuhuri, hata kukiwa na theluji, natoka kutembea kandokando ya mto, kwa sababu huo ndio mwanga wa siku nzima na theluji yenyewe huuakisi. Jioni naweka kazi zinazotaka watu: kundi la kujadili hesabu, au kuonana na mhadhiri katika saa alizotenga kwa ajili ya wanafunzi. Huyo mhadhiri, nawaambia, anataka aitwe kwa jina lake tu, bila cheo. Mimi bado ulimi haujakubali, namwita Profesa na yeye ameshazoea.

Upweke nao una pa kupelekwa. Minnesota ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na mtaa wa Cedar-Riverside, ambako wengi wao wanaishi, umepakana na upande wa magharibi wa chuo. Utapata sambusa, utapata chai ya maziwa yenye iliki, na utakutana na kina mama waliowahi kuishi Kenya, ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakuvuta kiti. Tangu 2023 sheria ya jiji inaruhusu misikiti kuadhini kwa vipaza sauti kwa sala zote tano. Nendeni huko mapema, Septemba, wakati bado mna nguvu ya kujuana na watu.

Namalizia na wazazi, juu ya simu. Katika msimu huu sisi tuko nyuma yenu kwa saa tisa. Mkipiga baada ya Isha, saa mbili za usiku, mtoto yuko saa tano asubuhi darasani, simu ameizima, na nyinyi mnalala na wasiwasi. Pigeni baada ya sala ya Alfajiri. Saa kumi na moja na nusu ya kwenu, huku ni saa mbili na nusu usiku wa siku iliyopita, amesharudi dakhalia, amekula, na hana pa kwenda. Na mkipiga, mwekeni kwenye video mtoke naye uani, aone kunavyokucha. Jumapili ya pili ya Machi saa za huku zitasogezwa mbele, na tofauti itakuwa saa nane.