Moshi wa Saruji ya Mtumba, Dodoma, Uandikwe Mkoa Gani?

Walimu wangu, wanafunzi, na ninyi mliotoka wizarani, asanteni kwa kuja.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, hapa ujenzi haujapumua: ofisi za Mtumba, ule Mji wa Serikali, barabara, nyumba za watumishi. Yote hayo ni saruji. Imechomwa wapi? Wazo Hill kule Dar es Salaam, Tanga, Mtwara. Jiwe la chokaa likiingia tanurini, hewa ukaa hutoka ndani ya jiwe lenyewe, mbali na ile ya moto unaolichoma, na hiyo ya jiwe ndiyo kubwa zaidi. Kwa hiyo tukipanga mikoa kwa ufanisi wa kaboni, yaani mkoa unazalisha kiasi gani kwa hewa ukaa unayotoa, Dodoma tunasifiwa kwa majengo ambayo moshi wake umeandikwa Tanga. Hiyo si haki.

Kipimo chepesi ni kuchukua Pato la Mkoa, lile la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ukaligawa kwa tani za hewa ukaa. Lakini hapo mkoa usio na viwanda huonekana hodari, hata kama watu wake hawana kitu. Ndiyo maana watafiti wengi hurudi kwenye njia ya kupima ufanisi kwa kulinganisha, iliyotolewa na watafiti Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978. Unaweka upande mmoja nguvukazi, mtaji na nishati. Upande wa pili pato, na hewa ukaa, iliyoongezwa na waliofuata, kama zao lisilotakiwa. Kila mkoa hupimwa kwa wenzake waliofanya vizuri zaidi kwa rasilimali zinazolingana na zake. Usiozidiwa na yeyote hupata alama 1. Wanafunzi, angalieni: Tanzania Bara ina mikoa 26 tu. Mkirundika vigezo vingi, karibu kila mkoa utapata 1 na hamtakuwa mmepima chochote.

Halafu kuna ng'ombe. Kwa makadirio ya kawaida ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa hutoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Zidisha kwa 28, nguvu ya methani ya kupasha dunia joto kwa miaka 100 ikilinganishwa na hewa ukaa: ni sawa na karibu kilo 870 za hewa ukaa. Ukihesabu mafuta peke yake, Singida inang'aa. Ukiingiza mifugo, inashuka. Na samadi inayorutubisha shamba la Mgogo, au maksai anayelima, ni vigumu kuonekana kwenye pato.

Ninachopendekeza ni safu mbili kwa kila mkoa: moshi ulikotokea, na bidhaa ilikotumika. Umeme usitusumbue sana. Uniti ya gesi ya Kinyerezi na ya maji ya Rufiji zikishaingia gridi hazitenganishiki, tutumie wastani wa Taifa. Tuanze na saruji. Viwanda ni vichache, na kila lori linalotoka getini lina karatasi inayosema mzigo unakwenda wapi.