Mzula wenye bitana ya satini: tunashona hadi ukingoni

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo? Niko mezani kwangu hapa Mbeya, ni mwezi wa Saba, na anayeijua Mbeya ya mwezi wa Saba hataniuliza mzula unafanya nini juu ya cherehani.

Huu ni wa mdogo wangu. Kila alfajiri anasimama Uyole kusubiri daladala, na bila mzula masikio yanaganda. Naugeuza ndani nje. Njoo na kamera hapa ukingoni, karibu zaidi. Mnaona vinyweleo hivi vifupi vilivyonasa kwenye sufu? Ni nywele zake za kwenye paji la uso. Hazikung'oka kwa kitana wala kwa msusi, zimekatwa na mzula, kidogo kidogo, kila anapouvaa na kuuvua.

Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Uzi wa sufu nao una magamba yake. Vikisuguana, vinashikana. Sasa nywele zetu za kipilipili zina shida ya pili: mafuta yanatoka kwenye ngozi ya kichwa, lakini unywele umejikunja kona nyingi, hayafiki kwenye ncha. Ndiyo maana unapaka leo, kesho ncha zimekauka tena. Ukizifunika kwa pamba au sufu, hata kile kidogo ulichopaka kinanyonywa. Hatuachi mizula, baridi hairuhusu. Tunaiwekea bitana.

Vifaa: mzula wenyewe, hata wa mtumba alimradi umefuliwa, satini nusu mita, uzi, sindano ya mkono nyembamba, pini, mkasi unaokata kweli, futi na chaki. Halafu tafuta ndoo ndogo ya plastiki au kopo tupu la rangi. Lizungushie futi, mzunguko wake ukaribiane na wa kichwa chako. Kazi yake mtaiona.

Kwenye satini nitakaa kidogo, maana wengi wanakosea dukani. Satini ni jina la ufumaji, si jina la uzi. Uzi mmoja unapita juu ya nyuzi nne au zaidi ndipo unazama chini ya mmoja, kwa hiyo juu panabaki laini, hakuna vifundo vya kukwaruza. Inaweza kufumwa kwa hariri, na inaweza kufumwa kwa poliesta. Hii ninayoshika ni poliesta ya kawaida, nimeinunua Mwanjelwa, na kwa kazi hii inatosha kabisa. Usichukue ile nzito ya magauni ya harusi, inasimama kama karatasi. Ikunje kiganjani, ifumbate, halafu achia. Ikidondoka yenyewe kama maji, hiyo ndiyo. Ukifika nyumbani loweka kipande pamoja na kitambaa cheupe. Ikichuja rangi, ifue mpaka maji yatoke safi, la sivyo itahamia kwenye paji la uso siku ya mvua.

Tupime. Futi inapita juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, inazunguka hadi kisogoni. Mdogo wangu ana sentimita 56. Naongeza 2 za kupumulia, 58. Bitana ina vipande viwili, kwa hiyo nagawa: 29 kila kipande, na sentimita 1 ya mshono kila upande, jumla 31. Huo ndio upana wa chini. Kimo napima mzula wenyewe, kutoka ukingo hadi kileleni: 22. Naongeza 1 ya mshono wa juu na 2 za pindo, inakuwa 25. Mwenye rasta au nywele nyingi aongeze 4 au 5 kwenye kimo, nywele zisibanwe.

Chora kwenye gazeti umbo la nusu yai: chini panyooke, juu paviringike. Likunje katikati ndipo ulikate, pande zote mbili zitalingana.

Hapa sasa tulieni. Mzula unavutika, satini haivutiki. Ukiikata kwa kufuata uzi wake ulionyooka, utavaa mara moja tu, utasikia ta-ta-ta, mshono umekatika. Mzula wangu wa kwanza ulinifanyia hivyo asubuhi ya kuuvaa. Dawa yake ni kukata mshazari. Tazameni: nashika kona ya kitambaa, navuta kwa kufuata uzi, hakiendi popote. Navuta tena kwa kwenda kona hadi kona. Kinanyumbuka! Basi karatasi yangu inalala kwenye mstari huo wa kona. Weka pini ndani ya sehemu ya mshono tu, maana satini ikitobolewa tundu linabaki. Kata vipande viwili, taratibu, usikiinue kitambaa mezani.

Vipande vitazamane, upande unaong'aa kwa unaong'aa. Piga bandi kwanza kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, satini inateleza na kukimbia. Kisha cherehani: sindano mpya namba 11, mshono mfupi, na wakati unashona kivute kitambaa kidogo sana kwa mikono yote miwili, ili uzi nao uwe na nafasi ya kunyumbuka. Anza chini kushoto, pita kileleni, malizia chini kulia. Toa bandi. Punguza makali ya mshono kwenye mviringo. Pasi iwe ya moto mdogo, na juu weka kitambaa cha pamba, maana poliesta huyeyuka.

Kunja pindo la sentimita 2 kuelekea upande usiong'aa, piga bandi.

Sasa lile kopo. Mzula uliogeuzwa ndani nje unauvalisha juu ya kopo lililopinduliwa, unyooke kama ulivyo kichwani. Bitana inakuja juu yake, upande unaong'aa unatazama nje, kwako wewe, na mishono yote imejificha kati ya satini na sufu. Pitisha kidole. Ukiguswa na mshono wowote wenye makali, umeivalisha kinyume, vua urudie.

Na sasa ukingo, jambo lililonifanya niwashe kamera. Mizula mingi niliyofumua, hata ile iliyouzwa kwa jina la kulinda nywele, bitana inaishia vidole viwili ndani. Kinachobaki ukingoni ni sufu tupu, na sufu hiyo inakaa juu ya nywele za paji, za kwenye masikio na za kisogoni, ambazo ndizo nyembamba kuliko zote na ndizo zinazovutwa na kila msuko. Yaani tunalinda utosi, tunaacha pale panapoumia. Kwa hiyo pindo la satini lifike mwisho wa mzula, lilingane na ukingo. Kama mzula wako ni wa kukunja, ukunje kwanza unavyopenda, weka alama ya chaki kwenye mkunjo, na satini ishonwe papo hapo. Ikichungulia nje kidogo, inapendeza.

Ukingo huu nashona kwa mkono. Sindano inachota uzi mmoja wa sufu, inapanda kwenye pindo la satini, inashuka mshazari mbele kidogo, inachota tena. Usikaze. Acha uzi umelegea kama unavyoona hapa, mshono kwa mshono nusu sentimita. Kwa kuwa mzula umenyooshwa juu ya kopo, uzi unapata urefu wake wote. Ukiutoa satini itajikunyata kidogo, usishtuke, kichwani itanyooka.

Kabla ya kufunga uzi, piga mishono mitatu minne kileleni ya kushikiza bitana na mzula, isije ikatoka nje kila unapovua. Toa bandi.

Fua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, mara moja kwa wiki maana mafuta ya nywele yanaganda kwenye satini na ulaini unapotea. Anika kivulini. Usiuvae nywele zikiwa mbichi, na ukiuvua ukakuta alama kwenye paji, unabana, fumua uongeze. Na kama una sehemu iliyokwisha kunyonyoka kabisa, mwone daktari wa ngozi mapema, mzula hautairudisha.

Njoo, mdogo wangu, keti hapa. Inama kidogo. Tazameni jinsi unavyoingia, hauvuti kitu. Nainua ukingo kwa kidole, hapa kwenye paji, sasa sikioni, sasa kisogoni: satini, satini, satini.