Kura ya Lazima: Nilichokiona Kazini Kwangu Australia

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sijatoka kuwatembeza mjini. Nimekaa ndani, kuna jambo nataka tuliongee taratibu: raia alazimishwe kupiga kura?

Mnajua kazi yangu huku ni kuwahudumia wazee kwenye makao yao. Kipindi cha uchaguzi niliwaona maofisa wa tume wakiingia na sanduku la kura, wanapita chumba hadi chumba. Kuna bibi mmoja hawezi kuinuka kitandani. Wakampelekea karatasi, wakampa kibao cha kuandikia, sisi tukatoka. Akakaa nayo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Mimi nilikuwa nasema kura ya lazima ni ubabe. Pale kwenye korido nikaanza kufikiri upya. Sheria inamtaka yule bibi apige kura, kwa hiyo na serikali imebanwa: haiwezi kumdai kitu ambacho haijamfikishia. Ndiyo maana huku uchaguzi huwa Jumamosi, unaweza kupiga mapema au kwa posta, na asiyepiga bila sababu ya msingi faini yake ni dola 20 katika uchaguzi wa taifa.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1924. Kwenye uchaguzi wa 1922 hawakufika hata asilimia 60 ya walioandikishwa. 1925 wakapita 91. Na nisiwafiche, wenyeji wa asili wa nchi hii walichelewa mno kuingizwa: haki kamili ya kura ya taifa waliipata 1962.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni Chile. Mwaka 2012 waliifanya kura kuwa hiari, na watu wakapungua vituoni. Mwaka 2020, katika kura ya hiari, takriban asilimia 78 walisema wanataka katiba mpya. Waliojitokeza walikuwa kama nusu tu ya wapiga kura. Bunge la kuandika katiba likachaguliwa na wachache zaidi. Septemba 2022 rasimu ikarudi kwa wananchi, safari hii kwa lazima, wakajitokeza zaidi ya asilimia 85, na asilimia 62 hivi wakaikataa. Sisemi katiba ile ilikuwa mbaya, na wapo waliobadili mawazo njiani. Ninachosema ni kwamba mamilioni ya watu walikuwa na neno lao, na miaka miwili nchi ilikwenda bila kulisikia. Asiyekuwapo na lake halipo, na mwanasiasa analijua hilo kuliko sisi: ahadi anazipeleka kwa wanaopanga foleni.

Kuna anayesema kukaa nyumbani nako ni haki yangu, sioni wa kumchagua. Namwelewa kabisa. Ila kura ni ya siri. Huku takriban karatasi 5 katika kila 100 huwa zimeharibika, nyingine ni tupu kabisa, na hakuna anayejua ni ya nani. Hiyo tupu inahesabiwa. Hasira ya aliyebaki nyumbani haihesabiwi popote, inachanganywa na ya aliyelala.

Nisichokubali ni adhabu ya kumkomoa mtu. Brazil, asiyepiga kura na asiyeweka mambo yake sawa anaweza kunyimwa pasipoti au kazi ya serikali. Hapo anayeumia ni yule aliye mbali na ofisi, asiye na nauli. Kwangu mimi sanduku litangulie, sheria ifuate. Serikali isiyoweza kukuandikisha wala kukuwekea kituo unachokifikia kwa miguu haina uso wa kukutoza faini.

Mimi huku sipigi kura, si raia. Huko nyumbani jina langu limo kwenye daftari, kituo chenyewe ni safari ya ndege. Uchaguzi uliopita nilikuwa zamu ya usiku, nikasikiliza matokeo kwenye simu chumbani kwa yule bibi, amelala.